Karatasi za Mwanadiplomasia wa Ufuko wa Nyasa

Msafiri anayeondoka Lituhi, pale mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani, akafuata ufuko kuelekea kusini, akapita Lundu na Liuli hata akafika Mbamba Bay, huwa amekata nchi iliyomzaa na kumsomesha Oscar Kambona, mtu ambaye katika miaka ya 1960 sauti ya Tanganyika, na baadaye ya Tanzania, ilisikika kwa kinywa chake katika mabaraza ya mataifa. Alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, mwana wa Padri David Kambona wa Kanisa la Anglikana. Akasoma Liuli, kisha Dodoma na Tabora. Akawa Katibu Mkuu wa TANU tangu chama kilipokuwa kichanga. Akaingia katika baraza la mawaziri, akashika Elimu, kisha Mambo ya Ndani, kisha Mambo ya Nje pamoja na Ulinzi. Akawa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Na mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, akajiuzulu na kuihama nchi, asirejee ila mwaka 1992, na mauti yakamkuta London mwaka 1997.

Maisha ya namna hii huacha karatasi nyingi kuliko mali: barua za chama na za serikali, rasimu za hotuba, simu za maandishi zilizopokewa usiku wa manane, shajara, picha, hati za safari, barua za ndugu, na kadi za salamu ambazo thamani yake haionekani mpaka lisomwe jina la aliyezileta. Jinsi ya kuzihifadhi na kuzifahirisi karatasi kama hizi ni swali lililoshughulikiwa kwa makini katika nchi nyingi, na kwetu limeguswa kwa watu wachache tu. Nimelichukua kwa mfano wa Kambona kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mtoto wa ufuko huu, na haki ya watu kuyajua yaliyotendwa na mtu wao haihitaji hoja ndefu. Ya pili, nayo ndiyo nzito, ni kwamba alikosana na dola aliyoitumikia. Na karatasi za mtu aliyekosana na dola ndizo zinazopima kama taifa linajua kuhifadhi, kwa maana za yule anayesifiwa hazikosi mtu wa kuzipangusa vumbi.

Rai yangu ni kwamba fahirisi lazima itangulie hukumu. Mzozo wa kama Kambona alikuwa mzalendo aliyeona mbali au kiongozi aliyeshindwa na tamaa hautakwisha leo, wala si kazi ya mtunza nyaraka kuumaliza. Kazi yake ni kuandika karatasi gani ipo, imetoka mkononi mwa nani, imekaa wapi, na nani ameruhusiwa kuifungua. Tukingoja wazee wa siasa wapatane juu ya mtu kwanza, ndipo tuziokote karatasi zake, tutakuja kupatana juu ya mchanga wa mchwa.

Ugumu wa kwanza ni kutenga kilicho cha mtu na kilicho cha serikali. Waziri wa Mambo ya Nje hafanyi kazi mbili zilizotenganishwa kwa ukuta. Barua anayomwandikia rafiki yake aliye waziri katika nchi nyingine huanza na habari za watoto na kuishia na habari za silaha, na nakala yake huenda nyumbani katika mkoba uleule uliobeba majalada ya ofisi. Sheria yetu ya kwanza ya nyaraka za taifa ilitungwa mwaka 1965, na inayotumika sasa ni ya mwaka 2002; shabaha kuu ya zote mbili ni karatasi za serikali, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya kuwaenzi waasisi wa taifa, ikiwataja Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume, na kwa hiyo kumbukumbu zao wawili zikapata mlinzi aliyetajwa kisheria. Ni jambo jema lililostahili kufanywa. Walakini viongozi wawili hawakuijenga nchi peke yao, na wale waliokaa nao mezani, wakazichukua barua zao kuzipeleka ng'ambo na kurudi na majibu, wameachiwa hiari ya warithi na bahati ya masanduku.

Katika jambo hili nchi ya Canada inastahili kutazamwa. Hifadhi yake ya taifa ilianzishwa mwaka 1872, na tangu zamani ilishika desturi ya kupokea karatasi za watu binafsi chini ya paa moja na karatasi za serikali, kwa imani kwamba kumbukumbu ya taifa haikamiliki kwa upande mmoja. Ndiyo maana karatasi za Lester Pearson, mwanadiplomasia aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1957 na kuwa Waziri Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968, zimo katika hifadhi hiyo mjini Ottawa, zimepangwa kwa vipindi vya kazi zake, hata msomaji hujua kabla hajaondoka kwake ni sanduku lipi atakaloliomba. Aidha, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1977, mtu anayetoa urithi wa namna hiyo kwa taasisi iliyothibitishwa hupata nafuu ya kodi. Basi familia haichagui kati ya kuipa nchi na kujifaa yenyewe.

Nayo Canada si ya mbali nasi kama ramani inavyodai. Mwaka 1965, baada ya Ujerumani ya Magharibi kuondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani ya Mashariki nchini, maofisa wa Canada ndio waliokuja kulifundisha jeshi letu, wakakaa hadi 1970. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, Canada ndiyo iliyoombwa kuangalia maslahi ya Waingereza Dar es Salaam, mpaka uhusiano uliporudishwa mwaka 1968. Waziri wetu wa Mambo ya Nje wakati wa uamuzi huo alikuwa mtoto wa Kwambe, na Waziri Mkuu wa Canada alikuwa Pearson. Pande zote mbili ziliandika. Upande mmoja unasomeka kwa fahirisi iliyochapwa, na upande wa pili msomaji huutafuta kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, na matokeo yake ni kwamba historia ya mambo yetu wenyewe huandikwa kwa macho ya waliotusaidia na waliotushuku, si kwa ubaya wao, bali kwa sababu wao walitunza.

Tazama jinsi njia ya karatasi za Kambona peke yake ilivyotawanyika. Alipozaliwa, ufuko wa Liuli na Mbamba Bay ulikuwa chini ya Dayosisi ya Nyasaland, ambayo kanisa lake kuu liko kisiwani Likoma, ng'ambo ya maji, katika nchi iitwayo sasa Malawi. Dayosisi ya upande wetu, ya Kusini-Magharibi mwa Tanganyika, haikuundwa ila mwaka 1952. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliomfundisha baba na mwana walikuwa na mazoea ya kuandika kila kitu, na maandiko ya makao yao makuu yamehifadhiwa Oxford. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua mtoto huyu alikuwa wa namna gani darasani, au baba yake alipewa daraja la upadri katika hali gani, hana budi kuvuka ziwa, kisha bahari, ndipo apate kusoma habari za vijiji ambavyo moshi wa majiko yake huonekana kutoka katika meli za hapa. Kwa watu wa Lituhi na parokia nyingine za Kikatoliki mambo ni tofauti, maana njia yao ya karatasi huelekea Peramiho kwa Wabenediktini, ambao walikuwa na kiwanda cha uchapaji na nidhamu ya kitawa ya kutunza vitabu vya mwaka. Ufuko mmoja una kumbukumbu za mikono miwili, na atakayeufahirisi urithi wa Wanyasa lazima aifuate yote miwili.

Kisha ziko karatasi za chama, ambazo sehemu yake imerithiwa na CCM na kupelekwa Dodoma. Ziko za Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Addis Ababa. Ziko ripoti za mabalozi wa Uingereza katika hifadhi ya Kew, na za Marekani, ambazo baadhi zimekwisha kuchapwa vitabuni na wizara yao. Na liko fungu la huzuni zaidi. Mwaka 1970 kesi ya uhaini ilisikilizwa katika Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, ikiwahusu watu mashuhuri kama Bibi Titi Mohamed na Michael Kamaliza, huku Kambona akitajwa kuwa kiongozi wa njama hali yeye yuko London; na barua ziliwekwa mezani kuwa vielelezo. Barua ya siri ikishaingizwa kortini hubadilika: haiwi tena ya mwandishi wala ya aliyeandikiwa, ila inakuwa kielelezo chenye namba, kikisomwa kwa nia moja tu ya kuthibitisha au kukanusha shitaka. Mfahirisi mwaminifu hairudishi kimyakimya katika fungu la barua za nyumbani, wala haiachi iitwe kielelezo tu. Huandika safari yake yote, kwamba ilitoka kwa fulani, ikashikwa, ikasomwa mahakamani, ikabaki ilipobaki.

Hapa tumefika kwenye kiini cha elimu hii. Wataalamu wa nyaraka kote duniani hushika kanuni mbili ambazo zimeingizwa pia katika kigezo cha kimataifa cha maelezo ya nyaraka kilichotolewa mwaka 1994 na kusahihishwa mwaka 2000. Ya kwanza ni kuheshimu asili, yaani karatasi za mtu mmoja zisichanganywe na za mwingine hata kama zinasema habari ileile. Ya pili ni kuheshimu mpangilio ambao mwenyewe aliziweka, kwa kuwa mpangilio huo nao unasema: barua ya kamanda wa wapigania uhuru wa Msumbiji ikikutwa katikati ya stakabadhi za ada ya shule, huenda ni bahati, na huenda ni njia ya kuificha, na yule anayezitenganisha kwa kupenda unadhifu ameua ushahidi ambao hautafufuka. Fahirisi basi hushuka kwa ngazi, kutoka fungu zima, hadi migawanyo ya kazi, hadi majalada, na inapobidi hadi karatasi mojamoja. Na hekima ni kuandika kwanza maelezo mafupi ya fungu zima, hata kama ni kurasa mbili, kabla ya kuzama katika jalada la kwanza. Nimeona kazi nyingi za namna hii zikianzwa kwa bidii kubwa katika sanduku la kwanza na kuachwa katika la pili, na yaliyobaki yasijulikane hata kama yapo.

Kisa cha Novemba 1964 kinafaa kuzingatiwa na kila anayetaka kazi hii. Kambona alitangaza kwamba Serikali imepata hati zinazoonyesha njama ya mataifa ya Magharibi dhidi ya nchi yetu. Watu wakaandamana, Marekani ikakana, na baada ya uchunguzi wanahistoria kwa jumla wamekubali kwamba hati zile zilighushiwa. Mtu mwenye haraka atasema kwamba karatasi ya uongo haina haki ya kuhifadhiwa. La, hasha! Ina haki kuliko nyingi za kweli, kwa kuwa ilitikisa uhusiano wa nchi mbili, nasi hatutaelewa hofu ya mwaka ule, mwaka ulioanza kwa maasi ya askari wa kambi ya Colito mwezi wa Januari na kuendelea kwa vita vya Kongo mpakani, kama hatuioni karatasi iliyoaminiwa. Mfahirisi ataiandika kuwa imeghushiwa, ataandika nani aliiamini na lini ikatiliwa shaka, na ataihifadhi kwa uangalifu uleule. Fahirisi isiyo na mahali pa uongo haitaweza kuonyesha ukweli ulivyopatikana.

Yote haya hayana faida kama karatasi yenyewe inakufa. Adui mkubwa wa maandishi katika nchi yetu ni unyevu. Ufuko wa ziwa una ukungu wa asubuhi na masika marefu, na hewa yenye maji mengi huamsha kuvu, hualika wadudu wanaokula gundi ya majalada, hutia pini kutu, na kutu hutoboa maneno. Karatasi za miaka ya 1960 zina udhaifu wao wa ziada: nakala za kaboni zilipigwa katika karatasi nyembamba sana, karatasi za magazeti zina asidi inayozichoma zenyewe kwa zenyewe, na nakala zilizotolewa kwa mashine za joto huwa nyeusi au hufifia hata zikiwekwa gizani. Tiba yake si lazima iwe ya gharama kubwa. Karatasi zitolewe katika masanduku ya bati na ya nguo, zitolewe pini na mipira, zilazwe katika makasha yasiyo na asidi, ziinuliwe kutoka sakafuni, ziwekwe mbali na ukuta wa nje na mbali na paa, na hewa ipitishwe; chumba kikavu chenye joto lisilopandapanda kila siku ni bora kuliko jumba kubwa ambalo umeme wake hukatika. Gundi ya kubandikia, utepe wa plastiki na kalamu ya wino viwekwe mbali kabisa. Namba ziandikwe kwa penseli. Mambo haya ni madogo kuyasema, lakini makusanyo mengi yameharibiwa na watu waliokuwa na nia njema na utepe mkononi.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja fedha, nalo ni picha. Barua hujitambulisha kwa tarehe na sahihi; picha ni bubu. Waziri amesimama katika uwanja wa ndege na watu kadhaa: wakubwa wanajulikana, ila yule mwenye mkoba ni nani, yule mama aliyevaa kitambaa cha kichwa ni nani, na yule kijana wa pembeni, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akiziandika barua zote, jina lake nani? Majibu yamo vifuani mwa wazee wa Liuli, wa Mbamba Bay, wa Dar es Salaam na wa London, na kila msiba unayapunguza. Ningependa kuona nakala za picha zikipelekwa kwa wazee hao, vijana wakikaa nao kwa adabu, wakiwaamkia shikamoo na kuwaacha waseme kwa mwendo wao, na kila jina likiandikwa pamoja na jina la aliyelitaja, ili wa baadaye wajue ni nani aliyeshuhudia. Kazi hii kijana yeyote aliyemaliza sekondari hapa Nyasa anaweza kuifanya akifundishwa vizuri, na mimi sioni kazi ya heshima zaidi kwake.

Suala la faragha ndilo linalowatia hofu warithi, nao wana haki. Karatasi za Kambona zinawagusa pia wasiokuwa wanasiasa, na zinawagusa waliopata mateso kwa ajili yake: ndugu zake Otini na Mattiya waliwekwa kizuizini miaka mingi. Mtu aliyeandika barua ya uchungu kwa nduguye hakuiandikia maktaba. Dawa yake ni hati ya makabidhiano iliyoandikwa kwa lugha iliyo wazi, inayosema kipi kinatolewa kiwe milki na kipi ni amana, kipi kifunguliwe leo na kipi kifungwe kwa miaka mingapi, na nani atakayetoa idhini baada ya wenye idhini kufariki. Kufunga karatasi kwa muda si kuificha, madhali fahirisi inasema kwamba ipo. Lililo baya ni kufunga bila kusema, kwa kuwa jambo lisilotajwa halina tarehe ya kufunguliwa. Wala serikali isiogope: nchi iliyompokea mtu huyu mwaka 1992 na kumwacha aendeshe chama chake katika siasa za vyama vingi haina sababu ya kuziogopa barua zake.

Ziko dalili njema. Karatasi na picha za Dk. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 hali ana umri wa miaka 22, akaiwakilisha nchi yetu Umoja wa Mataifa kwa miaka 10, akawa Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979 na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kutoka 1989 hadi 2001, zimekusanywa katika hifadhi ya kidijitali iliyozinduliwa mwaka 2023, na mtu aliye Pemba au Mbinga anaweza kuzitazama kwa simu. Kazi hiyo imethibitisha kwamba familia ikiwa tayari na wataalamu wakiwepo, mambo huwezekana. Ila picha ya kidijitali ni nakala inayohitaji kutunzwa kama asili yake, tena kwa gharama isiyokoma, kwa kuwa mitambo hubadilika. Asiitupe mtu karatasi kwa kuwa imekwisha kupigwa picha. Na Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, kingefaa kuwafundisha mabalozi wetu watarajiwa jinsi ya kuziweka karatasi zao tangu siku ya kwanza ya kazi, si siku ya kustaafu.

Kwa Kambona mahali pa kuanzia ni fahirisi ya mtawanyiko: daftari moja linaloandika, bila kuhamisha kitu, kila mahali panapojulikana kuwa na maandiko yake au yanayomhusu, kuanzia vitabu vya ubatizo vya Likoma hadi majalada ya Kew, Ottawa, Addis Ababa, Dodoma na Mahakama Kuu, pamoja na yale ambayo jamaa zake watakubali kuyataja. Daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wa wenye haki ya kulisoma hawana lugha nyingine ya kusomea, na maelezo ya Kiingereza yafuate kwa ajili ya wageni. Nakala yake moja ikae Idara ya Nyaraka, Upanga, moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja katika makao ya Wilaya ya Nyasa pale Mbamba Bay, na moja Liuli, katika shule ya eneo alikosomea; na kila mwaka apewe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wajibu wa kuliongezea yaliyogunduliwa na kuyasahihisha yaliyokosewa.